Jinsi ya Kuipima Ilani ya Chama: Mwongozo Kamili wa Kutenganisha Dira na Ahadi za Jukwaani

Kila msimu wa uchaguzi swali ni lile lile: ilani ya chama fulani ina dira, au ni maneno ya kutafutia kura? Na wanaoshindwa kulijibu hukwama mahali pamoja. Wanafungua ilani, wanasoma dibaji ya mwenyekiti, wanaruka hadi sura ya afya au ya elimu, wanakutana na orodha ndefu ya mambo mazuri, kisha wanaamua kwa mapenzi waliyokuwa nayo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Mwenye kadi ya chama anaona dira. Mpinzani anaona uongo. Wote wawili wamesoma kitabu kimoja na hakuna aliyekipima.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuichukua ahadi moja na kuifuata kutoka kwenye ilani hadi kwenye kitabu cha bajeti. Kipimo chake ni hiki: dira ni uamuzi ambao bei yake imetajwa. Chama kinasema kitafanya nini, kwa fedha zipi, kupitia ofisi ipi, na kitaacha nini ili hilo liwezekane. Ahadi ya jukwaani inataja mpokeaji tu. Mlipaji hayumo.

Mifano yangu inatoka Tanzania na Kenya, kwa sababu ilani za nchi hizi mbili zinapatikana na matokeo ya baadhi yake tumeshayaona.

## Kabla ya kuanza, andaa vitu hivi

Ilani nzima. Si kipeperushi, wala picha ya vipaumbele kumi inayozunguka WhatsApp. Ilani ya CCM, chama tawala cha Tanzania, ya 2020–2025 ilikuwa na kurasa 303. Muhtasari huchukua ahadi zinazopendeza na kuacha masharti yake, na masharti ndiyo unayoyatafuta.

Ilani ya uchaguzi uliopita ya chama hicho hicho. Bila hiyo hutajua kipi ni kipya na kipi kimerudiwa.

Hotuba ya bajeti na vitabu vya makadirio. Kwa Tanzania viko kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha: juzuu ya kwanza ni mapato, ya pili ni matumizi ya kawaida ya wizara, ya tatu ni mikoa na halmashauri, ya nne ni miradi ya maendeleo. Kwa Kenya tafuta Taarifa ya Sera ya Bajeti, ambayo Hazina ya Kitaifa hutakiwa kuipeleka Bungeni kufikia tarehe 15 Februari kila mwaka, pamoja na ripoti za Msimamizi wa Bajeti.

Ripoti ya ukaguzi. Tanzania ni ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), Kenya ni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Katiba ya nchi yako. Utaihitaji katika hatua ya tatu.

Daftari, kalamu za rangi mbili na kikokotoo cha simu. Hesabu zote humu ni za kuzidisha na kugawanya.

Mtu mmoja mnayetofautiana kisiasa lakini mnaheshimiana. Huyu ni muhimu kuliko vitabu vyote hapo juu. Ukifanya kazi hii peke yako utakuwa mpole kwa chama chako bila kujijua.

## Hatua ya 1: Chagua ahadi tano tu

Usijaribu kuipima ilani yote. Ahadi ziko mamia, na msomaji anayeanza ukurasa wa kwanza kwa nia ya kumaliza zote huchoka kabla hajafika kwenye kilimo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema ilani zote ni sawa.

Chagua mbili zinazogusa maisha yako moja kwa moja: ada ya mtoto, bei ya mbolea, maji ya mtaani kwako. Chagua mbili ambazo mgombea anazirudia zaidi jukwaani. Ya tano mwache mwenzako wa chama kingine akuchagulie, kwa sababu yeye atachukua ile ambayo wewe ungeikwepa.

Nakili kila ahadi neno kwa neno, na andika namba ya ukurasa. Usiandike ulivyoielewa. Andika ilivyoandikwa.

Tahadhari: yapo mambo mgombea huyasema kwenye mkutano wa hadhara na hayamo kabisa kwenye ilani. Yaandike kwa rangi ya pili, na pembeni uweke mahali na tarehe aliyoyasema. Chama kinaweza kukana kauli ya jukwaani kwa urahisi, kikasema mgombea alikuwa anajibu hoja ya papo hapo. Kukana ukurasa wake chenyewe ni kugumu zaidi.

Hatua hii imekamilika ukiwa na mistari mitano ambayo hata mwenye ilani yake hawezi kusema umempotosha.

## Hatua ya 2: Ipasue sentensi

Katika kila ahadi tafuta vitu vinne: kitenzi, kiasi, tarehe na mtendaji. Pigia mstari kila kimoja. Kisichokuwepo, weka duara tupu mahali pake.

Anza na kitenzi. Kuimarisha, kuboresha, kuhamasisha, kuendelea na kuweka mazingira wezeshi ni vitenzi visivyoweza kushindwa. Serikali ikifanya semina moja imehamasisha. Kufuta, kujenga, kuajiri, kulipa na kufikisha vinaweza kushindwa, na kwa hiyo vinaweza kupimwa. Angalia pia tofauti kati ya kuanza na kukamilisha. Katika kampeni za 2025 mgombea wa CCM, Samia Suluhu Hassan, aliahidi kuanza kutekeleza bima ya afya kwa wote ndani ya siku 100 za mwanzo. Ahadi hiyo ina tarehe, jambo ambalo ni jema na adimu. Lakini kitenzi chake ni kuanza. Anayekwenda kuipima lazima apime kuanza, kisha aulize kando: kukamilika ni lini?

Sasa kiasi. Namba kubwa hutuliza akili, na ndiyo maana inabidi uivunje. Ilani ya CCM ya 2020 iliahidi ajira zisizopungua milioni nane kwa miaka mitano. Gawanya kwa tano: ni milioni 1.6 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: ni karibu ajira 4,400 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Watumishi wa umma wote wa Tanzania hawafiki milioni moja, kwa hiyo serikali isingeweza kuajiri watu hao yenyewe. Wangetoka sekta binafsi, na wengi wao kwenye shughuli zisizo rasmi.

Hapo swali halisi linajitokeza: kipi kinahesabiwa kuwa ajira? Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo wa kausha damu na kuanza bodaboda, yumo? Mama aliyefungua genge baada ya kupunguzwa kiwandani, yumo? Ilani ikitoa idadi bila kueleza namna ya kuhesabu, imejiachia nafasi ya kutangaza ushindi wowote itakavyo. Weka duara tupu hapo, hata kama namba yenyewe imeandikwa kwa wino mzito.

Mtendaji ndiye anayesahaulika zaidi. "Vijana watawezeshwa" ni sentensi isiyo na mwenyewe. Nani atawawezesha? Wizara, halmashauri, benki?

Ahadi yenye vitu vyote vinne ni chache mno katika ilani yoyote. Ukipata moja kati ya tano usidhani umekosea.

## Hatua ya 3: Hakikisha anayeahidi ana mamlaka

Ni hatua fupi, lakini huangusha ahadi nyingi kwa dakika chache.

Kenya, fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Elimu ya chekechea na vituo vya afya vya kaunti ni kazi ya serikali za kaunti. Mgombea urais anayeahidi kuvijenga lazima aeleze fedha zitakavyofika kaunti. Vivyo hivyo, mgombea ugavana anayeahidi walimu wa sekondari anaahidi kitu kisicho chake.

Tanzania, angalia orodha ya mambo ya Muungano. Elimu ya juu imo. Afya na elimu ya msingi hazimo. Kwa hiyo ahadi ya hospitali ya wilaya Pemba inatekelezwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na ilani inayoiweka chini ya wizara ya Muungano imekosea anwani.

Kisha uliza: linahitaji sheria? Kodi yoyote, kuiweka au kuiondoa, hupitia Bunge. Ibara ya 138 ya Katiba ya Tanzania na ya 210 ya Kenya zinasema hivyo. Chama kinachoahidi kufuta kodi fulani "siku ya kwanza ofisini" hakijasoma ibara hizo, au kinategemea kwamba wewe hujazisoma.

Jambo la mwisho hapa, na nalisema kwa uzito. Neno "haki" likitumika kwenye ilani, angalia kama lina meno. Ibara ya 11 ya Katiba ya Tanzania inazungumzia haki ya kufanya kazi na kujipatia elimu, lakini ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Kenya, ibara ya 43 inaweka afya, makazi, chakula, maji na elimu kuwa haki ambazo raia anaweza kuzipeleka mahakamani. Sentensi moja ya ilani inaweza kuwa deni upande mmoja wa mpaka wa Namanga, na matumaini upande wa pili.

## Hatua ya 4: Piga hesabu, kisha fuata njia ya fedha

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo inayotoa jibu. Ipe muda kuliko nyingine zote.

Tuchukue ahadi mbili zilizotoka kwenye ilani moja, ya CCM ya 2015. Ya kwanza ni elimu bila malipo hadi kidato cha nne. Ya pili ni shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Zote mbili zilipendwa. Zote mbili wapinzani waliziita za kutafutia kura. Mwisho wake ukawa tofauti kabisa.

Hesabu ya vijiji. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000. Zidisha kwa milioni 50: ni shilingi bilioni 600. Bajeti ya 2016/17 ilikuwa karibu shilingi trilioni 29.5. Ahadi nzima, kama ingelipwa mara moja, ni asilimia 2 ya bajeti ya mwaka mmoja.

Hesabu ya elimu. Serikali ilianza Januari 2016 kupeleka shuleni takriban shilingi bilioni 18.8 kila mwezi. Kwa mwaka ni kama bilioni 225. Kwa miaka mitano zinapita trilioni moja.

Soma tena hizo namba. Ahadi iliyotekelezwa ndiyo iliyokuwa ghali zaidi. Milioni 50 za kijiji, ambazo zilikuwa nafuu kwa karibu nusu, hazikufika kwenye vijiji kama zilivyoahidiwa. Kwa hiyo anayesema ilani nzuri ni ile isiyoahidi mambo ya gharama kubwa anatumia kipimo kibovu.

Kilichozitofautisha ni njia ya fedha. Elimu ilipewa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Ilikuwa na viwango kwa kila mwanafunzi: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa wa msingi, 25,000 kwa wa sekondari, pamoja na fidia ya ada ya shilingi 20,000 kwa wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Ilikuwa na shule ambazo tayari zipo, zenye akaunti ya benki, daftari la mahudhurio na mkuu anayewajibika. Ukikosa fedha unajua umuulize nani na zilipungua kiasi gani.

Milioni 50 za kijiji hazikuwa na kitu cha namna hiyo. Ni mkopo au ruzuku? Zinaingia kwenye akaunti ya serikali ya kijiji, ya SACCOS (chama cha akiba na mikopo) au ya vikundi? Asiyelipa anadaiwa na nani? Kijiji chenye watu 800 kinapata sawa na chenye watu 8,000? Mwananchi aliyesikia ahadi ile alijua kiasi tu.

Basi fanya hivi kwa kila ahadi yako:

Zidisha kiasi kwa idadi ya watu au maeneo, na kama ni cha kila mwezi, kwa miezi 12. Kwa mfano, muungano wa vyama wa Azimio la Umoja, Kenya, mwaka 2022 uliahidi shilingi 6,000 kwa mwezi kwa kaya milioni mbili zenye uhitaji. Hiyo ni bilioni 12 kwa mwezi, bilioni 144 kwa mwaka. Sasa una kitu cha kuzungumzia.

Tenganisha ruzuku na mkopo. Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, katika uchaguzi huo huo uliahidi shilingi bilioni 50 kila mwaka kwa mikopo ya wafanyabiashara wadogo, na Mfuko wa Hustler ukazinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kwa mikopo ya kuanzia shilingi 500 na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo unaweza kurudi na kukopeshwa tena, ruzuku hairudi. Ukiziweka kwenye mizani moja bila kuuliza kiasi gani kitarejeshwa, umekionea chama kimoja.

Usilinganishe na bajeti nzima. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika hatua hii. Chukua mapato, toa malipo ya deni, toa mishahara na pensheni. Kenya toa na mgao wa kaunti, ambao Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Kwa Tanzania deni la taifa utalikuta kwenye Fungu 22 (fungu ni sehemu yenye namba yake ndani ya kitabu cha bajeti). Kinachobaki ndicho ambacho serikali mpya inaweza kukigeuza. Ahadi iliyoonekana kuwa asilimia 2 ya bajeti inaweza kuwa sehemu kubwa sana ya kilichobaki.

Mwisho, hesabu gharama ya pili. Elimu bila malipo ilileta watoto wengi mno darasa la kwanza mwaka 2016, na nchi nzima ikaingia kwenye kampeni ya madawati. Ilani ilihesabu ada iliyofutwa. Madarasa, madawati, vyoo na walimu wa watoto watakaokuja kwa sababu ada imefutwa vilibaki nyuma, na walioulipia upungufu huo ni watoto waliokaa sakafuni. Kwa hiyo ninaihesabu ahadi ile kuwa ya kweli iliyoandikwa nusu. Kila ukiona neno "bure", andika mistari miwili ya gharama.

Umefanikiwa katika hatua hii pale unapoweza kusema kwa sentensi moja: ahadi hii ni shilingi kadhaa kwa mwaka, itapita ofisi fulani, na mpokeaji atajulikana kwa orodha fulani. Ukishindwa kuikamilisha sentensi hiyo kwa kutumia ilani pekee, andika ni kipande gani kimekosekana.

## Hatua ya 5: Tafuta anayekosa

Dira lazima iwe na mpangilio: hiki kwanza, kile baadaye, kile kingine hapana. Ilani isiyomnyima mtu yeyote kitu chochote haijaamua lolote, hata iwe na kurasa elfu.

Namna rahisi ni kutafuta ahadi zinazogombana. Soma sura ya wafanyabiashara, ambako mara nyingi kodi zinapunguzwa. Kisha soma sura za afya, elimu na miundombinu, ambako kila kitu kinaongezeka. Andika namba za kurasa hizo pamoja. Kati yake panatakiwa pawe na ukurasa unaosema fedha zitatoka wapi. Mara nyingi haupo.

Kuna jibu moja litakalokuja haraka: "Tutaziba mianya ya upotevu." Usilikatae moja kwa moja, maana upotevu upo na ripoti za CAG zinauonyesha kila mwaka. Lakini fedha ambazo mkaguzi amehoji si lundo linalosubiri kuchukuliwa. Nyingine ni hati zilizokosekana, nyingine ni mapato ambayo hayakukusanywa, nyingine zimeshaliwa. Chama makini kitataja mwanya upi, wa taasisi ipi, na kinatarajia kuokoa kiasi gani.

Mfano wa uamuzi uliobeba bei yake waziwazi ni Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Megawati 2,115, mkataba wa ujenzi Desemba 2018, mtambo wa kwanza kuwaka mwanzoni mwa 2024. Serikali ilichagua kutumia fedha nyingi za ndani na kukubali lawama za wahifadhi kuhusu pori la Selous. Unaweza kuupinga uamuzi huo kwa hoja nzuri kabisa, na hilo ndilo ninalotaka ulione: palikuwa na kitu cha kupinga.

Mfano wa bei iliyokuja baada ya kura ni nyumba za gharama nafuu Kenya. Ahadi ilikuwa nyumba. Makato ya lazima ya asilimia 1.5 ya mshahara yaliletwa na Sheria ya Fedha ya 2023, yakapingwa mahakamani, yakarudi kupitia sheria ya nyumba ya Machi 2024. Miezi mitatu baadaye vijana walikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, na baada ya tarehe 25 Juni Rais Ruto akakataa kuutia saini. Watu walikufa katika maandamano yale. Ninaamini sehemu ya hasira ile ilitokana na kuona ankara ambayo hawakuonyeshwa wakati wa kampeni. Chama kinachoficha bei hakiiondoi. Kinaisogeza tu hadi siku ambayo huna tena karatasi ya kura mkononi.

Tahadhari: usidai kwamba anayekosa lazima awe maskini ndipo ilani iwe "makini". Anayekosa anaweza kuwa mwagizaji mkubwa aliyezoea msamaha wa kodi, au wizara inayonunua magari kila mwaka. Ilani yenye ujasiri humtaja huyo kwa jina la kundi lake.

## Hatua ya 6: Weka ilani mbili ubavuni

Fungua ya sasa na ya uchaguzi uliopita, sura ile ile. Kwa kila ahadi kati ya zako tano weka alama moja: imetimizwa, inaendelea, imebadilishwa, imetoweka.

Ahadi iliyorudiwa si lazima iwe udanganyifu. Reli ya kisasa ni kazi ya miaka mingi, na abiria wa kwanza wa Dar es Salaam hadi Morogoro walipanda Juni 2024, baada ya kampeni zaidi ya moja. Kinachokuambia ukweli ni kama maneno yamesogea. Kutoka "tutajenga" hadi "tutakamilisha kipande cha" ni kusogea. "Tutajenga" ikijirudia mara tatu bila kilomita wala tarehe ni jambo jingine.

Zichunguze sana zilizobadilishwa. Jubilee, muungano wa Uhuru Kenyatta, mwaka 2013 uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Wakati huo shule nyingi za msingi za Kenya hazikuwa na umeme. Ilipofika 2016 ahadi ilikuwa imegeuka kuwa vishikwambi chini ya mpango wa elimu ya kidijitali, na jambo lenye manufaa ya kudumu likawa lile ambalo halikupambwa jukwaani: kupeleka umeme kwenye maelfu ya shule. Funzo la kivitendo hapa ni kuuliza kila mara kifaa kinahitaji nini kabla yake. Kompyuta inahitaji umeme, umeme unahitaji nyaya, darasa linahitaji mwalimu anayejua kukitumia. Ilani yenye dira huanza na kile kisichopigwa picha.

Angalia pia ajenda zinazozaliwa baada ya uchaguzi. Ajenda Nne Kuu za Rais Uhuru Kenyatta zilitangazwa Desemba 2017, kura zikiwa zimeshapigwa. Kiongozi anaweza kubadili mwelekeo kwa sababu nzuri, ila ukipima utendaji wake kwa ajenda mpya bila kurudi kwenye ilani, umemruhusu ajitungie mtihani na kujisahihishia.

Kwa vyama ambavyo havijawahi kutawala, hatua hii haifai kama ilivyo. Pima mahali walipo madarakani, kwenye halmashauri au kaunti zao, na hoja walizosimamia bungeni. Wala usikiadhibu chama kidogo kwa ilani fupi. Kurasa 20 zenye namba zinaweza kuzishinda 300 zenye vitenzi vya kuhamasisha.

## Hatua ya 7: Peleka swali kwa mgombea

Sasa una kitu cha kuuliza. Uliza kwa adabu, kwa ufupi, na kwa namba ya ukurasa. Swali refu humpa mgombea nafasi ya kuchagua kipande rahisi. Jaribu hivi:

"Shikamoo Mheshimiwa. Ukurasa wa 47 wa ilani yenu unaahidi zahanati kila kijiji. Hapa kwetu zahanati ipo, haina mganga. Fedha za mishahara ya waganga zitatoka fungu gani, na mwaka wa kwanza mtaajiri wangapi?"

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa "tutajenga". Mgombea aliyejiandaa atakupa idadi au atakiri kwamba haijapangwa, na kukiri huko ni alama nzuri kwake. Asiyejiandaa atakuuliza wewe ni wa chama gani. Iandike hiyo pia.

Mkutano wa hadhara si mahali pazuri pa kuuliza. Wanaoshangilia watakuzomea kabla hujafika kwenye namba ya ukurasa. Tafuta mgombea udiwani au ubunge kwenye kikao cha ndani, kipindi cha redio ya jamii kinachopokea simu, au ofisi ya chama ya kata siku isiyo na msafara.

Jambo moja linanisumbua na sitalificha. Vyama hutaja bei pale vinapoogopa mshindani atawataka waitaje. Oktoba 2025 CHADEMA, chama kikuu cha upinzani Tanzania Bara, hakikuwepo kwenye karatasi ya kura baada ya kuzuiwa. Pasipo mpinzani mwenye nguvu hakuna anayekilazimisha chama kikubwa kutetea hesabu zake, na ilani ya chama kikubwa yenyewe hudhoofika. Katika hali hiyo kazi ya kuuliza inamwangukia mwananchi, mwandishi wa habari na msomaji mwenye daftari. Isiachwe.

## Hatua ya 8: Andika hukumu kwa kila ahadi

Usiandike "ilani ya chama hiki ni dira" au "ni porojo". Karibu kila ilani ina vyote viwili, kama ile ya 2015 ilivyobeba elimu na milioni 50 kwenye jalada moja. Toa hukumu kwa ahadi, tano tofauti, kila moja kwa mistari miwili: imekosa nini, na ingehitaji nini ili iwe kamili.

Mpe mwenzako wa chama kingine asome. Mkikubaliana juu ya tatu kati ya tano, hata kama kila mmoja atapiga kura yake tofauti, mmefika mahali ambapo mijadala mingi ya siasa haifiki.

## Ukikwama

*Ilani haipatikani mtandaoni.* Nenda ofisi ya chama ya wilaya au kata, uombe nakala ya kusoma hapo hapo. Piga picha kurasa unazozihitaji.

*Vitabu vya bajeti vinachanganya.* Anza na fungu moja tu. Tanzania, Fungu 46 ni Wizara ya Elimu, 52 ni Afya, 49 ni Maji, 56 ni TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Tafuta kwanza jumla, kisha tofauti kati ya fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa kweli mwaka uliopita. Pengo hilo litakuambia mengi kuliko hotuba.

*Mwenzako anadai namba zako ni za upinzani.* Mwonyeshe ukurasa, mkabidhi kikokotoo, azidishe mwenyewe.

*Uchaguzi umeshapita.* Huu ndio wakati mzuri zaidi, kwa sababu sasa kuna bajeti ya kulinganisha nayo. Tanzania, Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na ripoti za CAG huwekwa mezani mwanzoni mwa kipindi hicho. Kenya anza Februari na Taarifa ya Sera ya Bajeti. Nchi zote mbili mwaka wa fedha huanza Julai 1. Chukua ahadi zako tano, tafuta kila moja iko kwenye fungu gani na imetengewa shilingi ngapi. Isiyoonekana kwenye bajeti ya kwanza na ya pili, mwandikie mbunge wako, utaje ukurasa wa ilani na fungu ulilolitafuta, na ubaki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.